Mulongo: Majivu, dodoki na eponji – historia ya kuosha vyombo kandokando ya Lualaba

Sufuria ya bukari haioshwi kwa haraka. Usiku inatiwa maji na kuachwa, na asubuhi, ukoko ukishalegea, ndipo kazi ya kusugua inaanza. Kwa mama wa nyumba wa Mulongo leo, vya kusugulia ni vingi kuliko vya wakati wa nyanya yake: kuna eponji ya rangi inayouzwa sokoni, kuna nyuzi za chuma, kuna burosi ya plastiki, kuna kipande cha wavu wa nailoni, na bado kuna majivu ya jikoni na mchanga wa mtoni. Kwa jamaa iliyokimbia vita na kufika na sufuria moja tu, uchaguzi unapungua, na mara nyingine kitu kimoja cha kusugulia kinazunguka nyumba mbili au tatu.

Jambo hilo linaonekana dogo. Lakini katika eneo la Malemba-Nkulu, ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara, usafi wa sahani unagusa uhai wa watoto. Na historia ya vitu vya kuoshea, tangu nyungu za udongo za karne nyingi zilizopita mpaka eponji ya kiwandani, inaonyesha jambo ambalo wengi hawalitazamii: kitu kipya si lazima kiwe kisafi kuliko cha zamani. Cha zamani kilitumiwa mara moja kikatupwa. Cha leo kinakaa nyumbani kikiwa na maji ndani yake, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Nyungu za watu wa Upemba

Bonde la Upemba, pamoja na maziwa yake kama Kisale na Upemba, ni moja ya sehemu za Afrika ya Kati ambazo historia yake ya zamani imechunguzwa sana. Mwaka wa 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Kuanzia miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo pale Sanga na katika sehemu nyingine za bonde, pamoja na Malemba-Nkulu.

Walichokuta kwa wingi ndani ya makaburi hayo ni vyombo vya udongo: nyungu, bakuli na chupa zilizofinyangwa kwa ustadi, pamoja na mapambo ya shaba na vifaa vya chuma. Vilivyo maarufu zaidi vilifinyangwa kati ya karne ya 10 na ya 13 hivi. Kati yake kuna majiko madogo ya udongo yanayobebeka, yenye pembe tatu za kushikilia nyungu juu ya moto. Mvuvi anayepika ndani ya mtumbwi anaelewa mara moja faida ya jiko la namna hiyo.

Kwa hiyo watu wa mto huu wamepika, wamekula na wameosha vyombo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Majani, majivu na nyuzi za mimea haviachi alama ardhini kama udongo uliochomwa, lakini desturi za kuosha zilipitishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti, na nyingi ziko hai mpaka leo.

Nyungu ya udongo ina tabia yake. Udongo una matundu madogo yanayonyonya maji, mafuta na harufu. Ikisuguliwa kwa nguvu nyingi inakwaruzika, ikipigwa inapasuka. Ndiyo sababu ilioshwa kwa maji na kitu laini, kisha ikafunikwa chini juu karibu na moto au juani mpaka ikauke kabisa. Kibuyu nacho, ambacho mkono hauingii ndani, kilitiwa maji na mchanga au vijiwe, kikatikiswa, kikamwagwa, kikaachwa kikauke.

Majivu, mchanga na majani

Majivu ya kuni yana chumvi ya potasi. Yakikutana na maji na mafuta ya chakula, sehemu ya mafuta hayo inageuka kuwa kama sabuni, na chembechembe za majivu zinasaidia kukwangua. Wamama hawakuhitaji kitabu cha kemia ili kulijua hilo. Waliona sahani yenye mafuta ya ngazi ikiteleza, wakaipaka majivu, ikaacha kuteleza. Mchanga ulifanya kazi nyingine: kukwangua ukoko na masizi. Majivu yaliondoa mafuta, mchanga ukaondoa kilichogandamana.

Majani makavu na magumu yalitumiwa kushikia majivu hayo. Kuna mti ambao unajulikana sehemu nyingi za Afrika kwa majani yake yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Kwa Kiswahili unaitwa msasa, na jina hilo hilo ndilo mafundi wa mbao wanalolitumia leo kwa karatasi ya kulainishia ubao. Jani lilisafisha nyungu kabla ya kiwanda chochote kutengeneza karatasi ya kukwaruza.

Kisha kuna dodoki. Ni tunda la mmea unaotambaa wa jamii ya matango na maboga. Likiachwa likomae na kukauka, ganda linatoka, mbegu zinadondoka, na ndani kunabaki wavu wa nyuzi ngumu zilizofumana. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanalijua kwa kuogea, lakini linasugua masahani vizuri vilevile. Dodoki lilifika mbali kuliko wengi wanavyodhani: kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, Japani ililima madodoki mengi na kuyauza nje, na sehemu kubwa ya yale yaliyonunuliwa na Marekani ilitumiwa kuchuja mafuta katika injini za mvuke za meli. Sababu ni ile ile inayolifanya lifae jikoni: nyuzi zake ziko wazi, maji yanapita na hayabaki ndani.

Kwa kazi za nyumba, mgazi ulitoa njiti za majani yake. Zikifungwa ndefu ni fagio la uwanja. Zikikatwa fupi na kukazwa ni burosi ya kusugulia kinu, meza na sakafu. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania walitumia kumbi la nazi kwa kazi hiyo hiyo.

Vitu hivi vyote vina jambo moja linalovifananisha. Majivu yalitiririka na maji. Mchanga ulibaki mtoni. Jani lilitupwa. Njiti na dodoki vilikauka upesi juani. Uchafu wa jana haukuwa na mahali pa kulala.

Reli, meli na sahani za chuma

Mabadiliko makubwa yalikuja na biashara ya shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na ikafika Bukama mwaka wa 1918. Kuanzia Bukama, meli za mtoni zilishuka Lualaba kuelekea Kongolo, zikipitia bonde lote. Mwaka wa 1928 reli nyingine iliyopitia Kamina ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Vitu vya dukani vikapata njia ya kufika mpaka vijiji vya wavuvi.

Kati ya vitu hivyo kulikuwa na sahani na vikombe vya chuma vilivyopakwa enameli nyeupe, na baadaye sufuria za aluminiamu. Zilikuwa nyepesi, hazikupasuka zikianguka, na zilikuwa alama ya maendeleo ndani ya nyumba. Lakini hazikupatana na desturi za zamani. Mchanga unakwaruza enameli. Ikishabanduka, chuma cha chini kinashika kutu. Majivu yanafifisha mng'ao wa aluminiamu. Mama aliyetaka sahani yake iendelee kung'aa alihitaji kitu kingine cha kusugulia.

Sabuni nayo ilipata nguvu mpya. Mwaka wa 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji na kupewa mashamba makubwa ya ngazi katika Kongo. Mafuta yaliyotoka humo, kwa jasho la Wakongomani wengi waliolazimishwa kukata ngazi, yalikwenda kutengeneza sabuni huko Ulaya, na baadaye sabuni ikatengenezwa hapa nchini pia. Mti uliokuwa ukitoa mafuta ya chakula na njiti za fagio ukawa mti wa kiwanda.

Katika kambi za wafanyakazi wa migodi, ambako wanaume wengi kutoka nchi ya Waluba walienda kufanya kazi, kampuni iliwaita wake zao pia kuanzia miaka ya 1920. Wamama hao walifundishwa kushona, kupika na kusafisha nyumba kwa namna ya Kizungu. Katika miji ya Kongo kulikuwa na vituo vilivyoitwa "foyer social" kwa mafunzo kama hayo. Humo majivu na mchanga vilianza kuonekana kuwa vitu vya kijijini, vitu vya watu wasioendelea. Usafi ulipimwa kwa mng'ao wa sahani na kwa kitambaa cheupe. Wazo hilo lilidumu kuliko ukoloni wenyewe: mpaka leo kuna nyumba ambazo mgeni akifika, majivu yanafichwa na eponji inawekwa mbele.

Vitu vya kiwandani

Nchini Marekani, sufuria za aluminiamu zilileta shida ile ile ya masizi. Kuanzia miaka ya 1910 kampuni kama Brillo ziliuza nyuzi nyembamba za chuma pamoja na sabuni, na wauzaji wa sufuria walifurahi kwa sababu sasa sufuria iliweza kung'arishwa. Nyuzi hizo zinakwangua vizuri kuliko kitu kingine chochote, lakini zinakatika, zinashika kutu, na vipande vyake vinaweza kubaki ndani ya chakula.

Eponji ya kwanza ilikuwa mnyama wa baharini. Wapiga-mbizi wa Ugiriki walimkata chini ya maji, wakamkausha, na mifupa yake laini ikatumiwa kuogea na kusafishia. Ilikuwa ghali. Kisha mwaka wa 1937, huko Leverkusen katika Ujerumani, mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua njia ya kutengeneza poliuretani, ambayo baadaye ilitoa povu laini la magodoro. Povu hilo likikatwa vipande vidogo ndiyo eponji ya rangi inayouzwa leo kwa bei ndogo. Nailoni, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1938 kama nywele za miswaki, ilichukua mahali pa nywele za nguruwe katika burosi, kisha ikaingia katika nyavu za wavuvi.

Wavu huo ulipochakaa, watu waliupa kazi nyingine. Katika Afrika Magharibi, wavu wa nailoni wa kuogea ni kitu cha kawaida kabisa. Katika vijiji vya wavuvi, kipande cha wavu mkuukuu kikikunjwa kinasugua sufuria bila kuikwaruza sana. Hakinunuliwi, na kinakauka kwa muda mfupi.

Maabara ilivyokuta

Kwa miaka mingi watu wengi hawakuishuku eponji. Mwaka wa 2017, wanasayansi wa Ujerumani wakiongozwa na Markus Egert walichunguza eponji 14 zilizotumiwa katika majiko ya kawaida. Mahali fulani ndani ya eponji hizo walihesabu vijidudu zaidi ya bilioni 50 katika kipande cha sentimita moja kwa pande zote. Vingi havikuwa vya kuleta ugonjwa mkali, lakini somo lilikuwa wazi: eponji ina joto, ina maji, ina mabaki ya chakula, na ina matundu yasiyohesabika. Tena, eponji ambazo wenyewe walisema wanazisafisha mara kwa mara hazikuwa na vijidudu vichache kuliko nyingine. Wachunguzi walishauri eponji ibadilishwe mara kwa mara, kwa mfano kila juma.

Baadaye wachunguzi wa Norway, nchi ambayo watu wengi wanaosha vyombo kwa burosi, walilinganisha vitu hivyo viwili. Katika burosi iliyoachwa ikauke, vijidudu vya salmonela vilikufa. Katika eponji, ambayo inabaki na unyevu, viliendelea kuishi. Kilicholeta tofauti ni kukauka.

Kumbe majivu, jani na njiti vilikuwa na faida ambayo mafunzo ya kambi hayakuiona.

Kipindupindu na jamaa zinazohama

Kipindupindu cha wakati huu kilianza Indonesia mwaka wa 1961, kikafika Afrika mwaka wa 1970, na katika miaka hiyo ya 1970 kikaingia Kongo. Tangu wakati huo kimeshikilia sehemu za maziwa: Kivu, Tanganyika na bonde la Upemba. Maeneo ya afya ya Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu na Mulongo yanajulikana na wachunguzi kuwa kati ya sehemu ambazo ugonjwa huo haukauki.

Vita vilizidisha hatari. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga yalifukuza zaidi ya watu laki moja katika Katanga ya kati. Wengine walikimbilia ziwa Upemba, wakaishi juu ya visiwa vya nyasi vinavyoelea, ambako maji ya kunywa, ya kuoshea na ya choo ni yale yale. Gédéon alijisalimisha Mitwaba mwezi wa 5 mwaka wa 2006, lakini alitoroka gereza la Lubumbashi mwaka wa 2011 na hofu ikarudi. Kabla ya hapo, mwaka wa 1994, Goma ilionyesha ulimwengu kinachotokea watu wengi wakikusanyika bila maji safi: makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikufa kwa kipindupindu na kuhara damu katika majuma machache.

Kipindupindu kinaingia hasa kwa maji na chakula. Eponji si mama wa ugonjwa huo, na hakuna anayeweza kuilaumu peke yake. Lakini mwaka wa 1884 mtaalamu wa Ujerumani Robert Koch, alipokuwa akiuchunguza ugonjwa huo kule Calcutta, aliona mambo mawili yanayoihusu kila nyumba: kijidudu chake kinaongezeka upesi katika nguo zenye unyevu, na kinakufa kikikaushwa. Eponji mbichi na kitambaa kibichi cha kupangusia masahani havina tofauti na nguo hiyo.

Kuchagua kwa kufuata historia

Ukifuata mambo haya yote, swali la kwanza mbele ya kitu cha kusugulia linakuwa hili: je, kitakauka kabla ya kutumiwa tena? Kama jibu ni ndiyo, kinafaa. Kama kinabaki kibichi, kitupwe upesi au kichemshwe.

Kwa sufuria nyeusi na zenye ukoko, majivu makavu ya kuni bado ni kitu kizuri, mradi yasiwe majivu ya mahali palipochomwa plastiki au takataka. Mchanga uchukuliwe mbali na mahali watu wanapojisaidia, na usitumiwe kwa sahani za enameli. Dodoki, kipande cha wavu na burosi vinafaa kwa sahani na vikombe: baada ya kazi vinasuuzwa, vinakung'utwa na kutundikwa juani. Dodoki linaweza kupandwa kando ya ukuta au ua, na mbegu za tunda moja zinatosha nyumba nyingi. Nyuzi za chuma zibaki kwa masizi ya nje ya sufuria.

Jamaa inayopenda eponji inaweza kuikata vipande viwili au vitatu ili kila kipande kitumiwe muda mfupi na kutupwa. Ya masahani isiguse sakafu, wala choo, wala ndoo ya mgonjwa. Na pale jamaa kadhaa zinapokaa uwanja mmoja, kitu cha kusugulia ndicho kitu cha kwanza ambacho hakifai kuazimana, hasa nyumba moja ikiwa na mtu anayehara.

Maji ya mwisho yana nguvu kuliko sabuni ya kwanza. Sahani iliyosuguliwa vizuri kisha ikasuuzwa kwa maji ya mto yasiyotibiwa imerudishiwa uchafu. Maji ya kusuuzia yachemshwe, au yatiwe dawa kwa kipimo kinachotolewa na wafanyakazi wa afya. Baadaye vyombo viwekwe juani, juu ya kichanja cha miti ambacho mbuzi na kuku hawafikii. Wafanyakazi wa afya wa Uganda na Tanzania wamefundisha kichanja hicho vijijini kwa miaka mingi, na hakigharimu kitu zaidi ya miti, kamba na nusu siku ya kazi. Kikiwepo, kitambaa cha kupangusia hakihitajiki tena.

Mfinyanzi wa Kisale alifunika nyungu yake karibu na moto mpaka ikauke. Hakujua habari za vijidudu, lakini kazi aliimaliza. Kwa jamaa iliyofika Mulongo jana ikiwa na sufuria moja na watoto watano, sehemu hiyo ya kazi ndiyo isiyohitaji fedha: jua la Lualaba linawaka kwa wenyeji na kwa waliohama sawasawa.